Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa na Jiwe Lenye Jina Lake

Ndugu msomaji, ikiwa wakaa Temeke, Mtoni au Mbagala, basi kila siku wapita katika barabara iitwayo Kilwa, na pengine hujapata kujiuliza kwa nini imepewa jina hilo. Lakini ukiifuata, ukapita Rangi Tatu na Kongowe, ukavuka mto Rufiji, ukaendelea kusini mpaka Nangurukuru kisha ukashuka pwani, utafika Kilwa Masoko, mwendo wa kilomita 300 na zaidi kutoka Dar es Salaam. Kutoka hapo mashua itakuvusha hadi Kilwa Kisiwani, mahali ambapo miaka 700 iliyopita palikuwa na mji uliosifiwa na wasafiri wa dunia. Leo nataka kukusimulia habari za mtu mmoja aliyeutawala mji huo. Jina lake Hasan bin Sulaiman, na watu wa zama zake walimwita Abul Mawahib, maana yake baba wa zawadi.

Nimechagua habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, ni Mwislamu wa pwani yetu wenyewe, wala si wa Baghdad au Cordoba, na wengi wetu twawajua wafalme wa mbali kuliko wa kwetu. Pili, maisha yake yana mambo mema na mambo mazito yaliyochanganyika, na wewe unayeuchunguza Uislamu una haki ya kuonyeshwa yote mawili.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba magofu yaitwayo Husuni Kubwa, yaliyo juu ya genge la bahari upande wa mashariki wa mji wa zamani wa Kilwa. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana humo ni jiwe lililochongwa kwa maandishi ya Kiarabu ya namna ya Kufi, yenye mapambo ya majani na maua. Jiwe hilo lilimtaja Hasan bin Sulaiman pamoja na cheo kikubwa: al-Malik al-Mansur, yaani mfalme aliyenusuriwa, mfalme mwenye kupewa ushindi. Kwa jiwe hilo ndipo ilipojulikana kwa yakini ni nani aliyejenga jumba lile. Hapo kabla watu walikisia tu, na neno lenyewe la husuni, ambalo kwa Kiarabu ni ngome, liliwapotosha baadhi yao.

Desturi ya mfalme kuandika jina lake katika jengo ni ya zamani mno. Kusini mwa nchi ya Iraki, zaidi ya miaka 2,000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa a.s., alikuwako mtawala aliyeitwa Gudea katika dola ya Lagash. Alipomjengea mungu wake Ningirsu hekalu, aliamuru vifinyangwe vigingi vya udongo, vyenye umbo kama la msumari mnene, na juu yake yakachorwa kwa ncha ya utete maneno ya kueleza kwamba yeye Gudea ndiye aliyelijenga hekalu hilo. Kisha vigingi hivyo vikachomekwa ndani ya kuta, na vingi vyao vikafichika huko visionekane na mtu. Wachimbaji wamevikuta kwa wingi sana. Mfalme mwingine wa nchi hiyo, Ur-Nammu wa mji wa Ur, alizika chini ya misingi ya mahekalu visanamu vidogo vya madini, na katika visanamu hivyo mfalme mwenyewe yuasimama amejitwika kichwani kikapu cha udongo, kama kibarua wa kujenga.

Fikiri jambo hilo kidogo. Vigingi vilivyofichwa ukutani havikuandikwa kwa ajili ya wapita njia. Viliandikwa kwa ajili ya miungu, na kwa ajili ya mfalme wa baadaye atakayekuta ukuta umebomoka akataka kuujenga upya. Yaani mjenzi alijua tangu mwanzo kwamba ukuta wake utaanguka! Torati yasema kwamba Nabii Ibrahimu a.s. alitoka katika mji huohuo wa Ur. Naye pia alijenga, yeye na mwanawe Ismaili a.s., na Kurani Tukufu imetuhifadhia dua waliyoomba walipokuwa wakiinua misingi ya ile Nyumba. Waliomba kazi yao ipokewe. Katika dua ile yote hakuna mahali ambapo Ibrahimu aliomba jina lake liandikwe ukutani.

Sasa turudi Kilwa.

Hasan bin Sulaiman alikuwa wa ukoo wa Mahdali, ambao asili yake ni Yemen, na ambao ulishika utawala wa Kilwa katika robo ya mwisho ya karne ya 13. Historia ya Kilwa iliyoandikwa zamani kwa Kiarabu yasimulia kwamba alipokuwa kijana wa miaka 14 alisafiri kwenda kuhiji. Njiani alitua Aden, akakaa huko miaka miwili akisoma elimu mbalimbali, ndipo akaendelea hadi Makka. Wakati yuko safarini baba yake akafariki, na ndugu yake Daud akashika utawala. Hasan aliporudi, Daud hakumfungia mlango wala hakukusanya askari. Alimkabidhi ndugu yake kiti cha enzi. Nakuomba uliweke jambo hili moyoni, kwani Daud huyu tutakutana naye tena mwishoni, na hapo atasemwa vibaya.

Hasan alitawala tangu mwaka 1310 hivi mpaka karibu na mwaka 1333. Zama hizo Kilwa ilikuwa imeishika biashara ya dhahabu iliyotoka bara ya kusini na kupitia bandari ya Sofala, katika nchi ambayo sasa ni Msumbiji. Ndizo zama zile ambazo Mansa Musa wa Mali alikwenda kuhiji, mwaka 1324, akaishangaza Misri kwa wingi wa dhahabu yake. Na dhahabu ya Afrika, ya magharibi na ya mashariki, ilitafutwa na dunia nzima. Hasan alipiga sarafu za shaba zenye jina lake, na katika upande wa pili wa sarafu akatia maneno yenye kina na jina lake, ya kusema kwamba tegemeo lake ni kwa Mola mwenye fadhila. Sarafu moja yenye jina lake imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Sijui kama yuko mtawala mwingine wa pwani yetu wa karne hiyo ambaye jina lake lilifika mbali hivyo barani.

Kwa mali hiyo alijenga. Husuni Kubwa ina vyumba zaidi ya 100. Ndani yake mna ua wa mikutano, ua mkubwa wa kusini ulioonekana kuwa ni wa bidhaa na biashara, na birika ya kuogea yenye pande nane, iliyojengwa kwa ustadi wa hali ya juu. Kutoka katika jumba, ngazi hushuka genge mpaka baharini. Mafundi walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, wakayaezeka mapaa kwa kuba na matao yaliyochongwa vizuri. Wataalamu wanasema kwamba yeye pia ndiye aliyeupanua Msikiti Mkuu wa Kilwa na kuutia kuba kubwa, na kwamba chumba kidogo chenye kuba kilicho ubavuni mwa msikiti, ambacho kinasimama hata sasa, ni kazi ya zama zake.

Basi mwaka 1331 akafika Kilwa msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika nchi ya Maroko. Alikuwa ametoka Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, ndipo akafika Kilwa. Aliusifu mji kwa uzuri wake, na watu wake kwa dini yao na wema wao, akasema kwamba walifuata madhehebu ya Imamu Shafii. Akamtaja sultani. Na hapa, msomaji mpendwa, pana jambo ambalo kila nisomapo habari hizi hunisimamisha. Mtu huyu aliyezunguka dunia, aliyeona majumba ya wafalme wa Misri na Shamu, hakuandika hata neno moja juu ya Husuni Kubwa. Jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika ya pande nane halikupata nafasi katika kitabu chake. Alichokiandika ni habari ya nguo.

Alisimulia kwamba siku ya Ijumaa sultani alitoka msikitini baada ya sala, akielekea nyumbani kwake, akakutana njiani na fakiri mmoja kutoka Yemen. Fakiri akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akamkubalia. Fakiri akataka apewe saa ileile, na sultani akakubali hilo nalo, akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavua nguo zake akavaa nyingine, akamwita fakiri aingie azichukue. Watu waliokuwapo wakamshukuru sana sultani wao kwa unyenyekevu na ukarimu wake. Mwanawe, aliyekuwa mrithi wake, akamwendea fakiri akazichukua zile nguo na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo lile, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu, kwani zawadi za nchi ile zilikuwa pembe zaidi, na dhahabu ilitolewa kwa nadra.

Vilevile Ibn Battuta alieleza kwamba masharifu kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko walikuwa wakimjia, na kwamba sultani alikaa na mafakiri, akala pamoja nao, akawaheshimu watu wa dini. Ndiyo sababu akaitwa Abul Mawahib. Cheo cha mfalme mwenye ushindi alikichongesha yeye mwenyewe katika jiwe. Jina la baba wa zawadi alipewa na watu.

Laiti ningeweza kuishia hapa! Lakini mwaka mmoja, nilipokuwa nikisimulia kisa hiki kwa wanafunzi, kijana mmoja wa Tandika, ambaye hakuwa amepata mwaka tangu asilimu, aliinua mkono akauliza wale watumwa walitoka wapi. Wenzake wakacheka, wakidhani ameuliza jambo dogo. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu jepesi.

Jibu limo katika Ibn Battuta mwenyewe. Asema kwamba sultani huyu alikuwa akiishambulia mara kwa mara nchi ya Zanji, yaani bara iliyo mbele ya kisiwa, akapata ngawira, akatoa khumusi, yaani fungu la tano, na kuitumia katika njia zilizotajwa na Kurani. Na fungu la jamaa wa Mtume s.a.w. akaliweka katika hazina ya peke yake, akawapa masharifu walipomjia. Kwa hiyo wale watu 20 aliopewa fakiri wa Yemen, kwa dhana iliyo karibu na ukweli, walikuwa ni watu wa bara yetu hii, waliotekwa katika mashambulio hayo. Pengine walikuwa ni mababu wa mbali wa yule kijana aliyeuliza, au wako wewe unayesoma.

Basi tuseme nini? Wako wanaosema: tazameni, hivi ndivyo Uislamu ulivyo, upanga na utumwa. Na wako Waislamu ambao kwa kumpenda sultani huyu huyaita mashambulio yale jihadi na kuyapita haraka. Mimi sikubaliani na wowote kati yao.

Kurani Tukufu iliporuhusu vita mara ya kwanza iliwaruhusu wale wanaopigwa, kwa sababu wamedhulumiwa na kutolewa majumbani mwao bila haki. Na papo hapo ikataja kwamba vita hivyo vyalinda mahekalu na makanisa na masinagogi kama vinavyolinda misikiti. Imekataza kulazimisha watu katika dini. Kuhusu mateka, imeagiza kwamba vita vikiisha waachwe huru kwa hisani au kwa fidia. Imefanya kumkomboa mtumwa kuwa ndiyo njia ya mlimani, njia ngumu ya watu wema, na imetenga sehemu ya zaka kwa kazi hiyo. Sasa weka haya yote upande mmoja, na upande wa pili uweke habari ya mtawala tajiri, mwenye jumba kubwa juu ya genge, akivuka maji na jeshi lake kuwaendea watu wa bara. Watu wale walimdhulumu nini? Ibn Battuta hakusema. Kama walimshambulia kwanza, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini kama hawakumshambulia, basi kutoa fungu la tano kwa hesabu sahihi hakukuifanya ngawira ile kuwa halali, kama vile mwizi asivyotakaswa kwa kutoa zaka katika mali ya wizi.

Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. wa Qadian, ambaye sisi Waahmadiyya twamwamini kuwa ndiye Masihi Aliyeahidiwa, aliandika mwaka 1900 kitabu kidogo juu ya jambo hili hili la jihadi. Akabainisha kwamba kuwaua na kuwateka watu wasiowapiga vita Waislamu kwa ajili ya dini yao si jihadi wala hakukupata kuwa jihadi, na kwamba wanaofundisha kinyume wameitia doa dini ya amani. Alipoandika maneno hayo alipingwa vikali. Lakini nakuambia kweli, bila mafundisho hayo nisingejua nimjibu nini yule kijana wa Tandika. Nilimwambia kwamba sultani wa Kilwa ni mtu tu, aliyesoma miaka miwili Aden na kuhiji Makka, akajifunza kuzivua nguo zake kwa ajili ya fakiri, lakini hakujifunza kumwona mtu wa bara kuwa ni ndugu. Nusu ya somo alilishika vizuri kuliko wafalme karibu wote wa zama zake. Nusu ya pili ilimpita. Kipimo cha dini ni Kitabu chake na Mtume wake s.a.w., ambaye alipojenga msikiti wa Madina, kwa matofali ya udongo na magogo ya mitende, alibeba matofali kwa mikono yake pamoja na masahaba, na miongoni mwa masahaba wake wa karibu alikuwamo Bilali, aliyekuwa mtumwa wa Kihabeshi.

Kijana akaniuliza tena kama wale watumwa majina yao yameandikwa mahali popote. Nikamjibu kwamba hayakuandikwa. Ya sultani yamo katika jiwe na katika sarafu. Ya wale 20 hayamo katika jiwe, wala katika kitabu cha Ibn Battuta, wala katika historia ya Kilwa. Hata jina la fakiri hatulijui.

Hasan bin Sulaiman akafariki karibu na mwaka 1333, na Daud, yule ndugu yake aliyemrudishia kiti, akatawala baada yake. Ibn Battuta, aliyepata habari zake baadaye, asema kwamba Daud alikuwa kinyume cha nduguye. Mwombaji alipomjia, alimwambia kwamba yule aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni wakakaa kwake miezi mingi, akawapa kidogo sana, mpaka watu wakaacha kumwendea. Hivyo Daud amebaki katika vitabu kuwa bahili. Mimi humwonea huruma kidogo. Huenda kweli hazina aliikuta tupu, baada ya jumba kubwa na zawadi nyingi. Na mtu aliyewahi kutoa ufalme mzima kwa mkono wake, je, tumwite bahili bila kufikiri mara mbili?

Ama Husuni Kubwa haikumalizika kujengwa. Ilikaliwa kwa muda mfupi tu, kisha ikaachwa, na miti ikaota ndani yake. Msikiti Mkuu nao ukaanguka. Historia ya Kilwa yasema kwamba ulibomoka katika zama za Abul Mawahib, na kwamba kwa miaka mingi baadaye watu walisali chini ya vivuli vya kujengewa kwa muda, mpaka zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Leo magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na yale ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Ukiweza kwenda, nenda. Na kama nauli ni shida, vitu kadhaa vya Kilwa vyaonekana katika Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert hapa Dar es Salaam. Nao wakazi wa Kinondoni wanayo karibu nao magofu ya Kunduchi, yenye makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli ya Kichina.

Ukifika katika Msikiti Mkuu wa Kilwa na kuona safu za nguzo na kuba nyingi ndogo, ujue kwamba sehemu hiyo si kazi ya Hasan bin Sulaiman, ambaye kuba yake kubwa ilikwisha anguka. Historia ileile yasimulia kwamba haji mmoja wa mji alimwendea Sultani Sulaiman bin Muhammad akaomba ruhusa ya kuujenga upya msikiti kwa mali yake mwenyewe. Sultani akamkubalia, akampa mithqali 1,000 za dhahabu kumsaidia. Yule haji akasema kwamba hataki, ataujenga kwa mali yake tu. Sultani akakataa kumpa ruhusa mpaka azipokee. Basi akazipokea kwa kuogopa asije akazuiwa, akajenga msikiti mpaka ukatimia. Na sultani alipofariki, haji yule akazipeleka zile dhahabu kwa warithi wake, akawarudishia.